Bata Bado na Kofia ya Mzee Muema

Kama ungepita kwenye kibanda cha Nasimiyu jioni yoyote ya mwezi ule wa Mei, ungesikia mambo mawili kwa pamoja: cherehani ikilia tak-tak-tak, na mtoto akisoma.

Kibanda kiko Mountain View, kwenye njia ya vumbi inayochomoka Waiyaki Way, kati ya duka la dawa na jiko la chapati la Lornah. Ndani mna cherehani nyeusi ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya makaa ambayo Nasimiyu amekataa katakata kuibadilisha na ya umeme, na kiti kidogo cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa kipande cha sare ya shule. Kwenye kiti hicho ndipo alipokaa Mercyline, mjukuu wake, miaka sita na miezi saba, meno mawili ya mbele hayapo, kitabu magotini. Mama yake Mercyline hufanya usafi kwenye ofisi moja ya ghorofa kule Upper Hill na hurudi giza likianza kuingia, kwa hiyo mtoto akitoka shule hukaa na bibi yake, ambaye humwita Kukhu kama wanavyoita kwao Kimilili.

Kitabu kilikuwa chembamba, jalada la manjano, kona moja imetafunwa. Kililetwa na Bi Indu wa Kitisuru siku alipokuja kuchukua mapazia yake ya sebule.

"Nasimiyu, hii chukua, mpe mtoto," alisema Bi Indu. "Ishan wangu ilimfundisha Kiswahili. Sasa amekuwa mkubwa, anasoma vitabu haina hata picha moja, anajiona profesa."

Ndani mlikuwa na wanyama watano, kila mmoja na ukurasa wake, kila mmoja na wazimu wake:

Bata Bado avaa koti, apanda boti.
Fisi Fito apika chapati chini ya kabati.
Mbuzi Mzito afua soksi ndani ya boksi.
Kuku Kiko apiga pasi juu ya farasi.
Tembo Tano anyoa nywele kwa makelele.

Mercyline alikisoma kila jioni bila kukwama, akipandisha sauti kwenye "boti" na kuizamisha kwenye "kabati". Wateja waliokuja kupimwa walisimama mikono juu, tepe imezunguka kifua, wakasahau kuishusha mikono.

"Huyu mtoto yuko darasa gani?"

"Gredi ya Kwanza tu," Nasimiyu hujibu, akijifanya anatafuta pini.

Nasimiyu mwenyewe alisoma hadi darasa la saba, akaishia hapo kwa sababu wadogo zake walikuwa sita. Kwa hiyo sauti ya mtoto yule ilimwingia kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Na jambo likikuingia hivyo, ni vigumu kulinyamazia. Siku ya Jumatano, akina mama wa kanisa walipokutana kupanga Jumapili ya Watoto, akainua mkono.

"Andikeni Mercyline kwa wasomaji," alisema. "Huyo mtoto anasoma kama mtangazaji wa redio. Hakupi hata nafasi ya kupumua."

Lornah, jirani yake wa chapati, aligeuza shingo polepole. "Gredi ya Kwanza? Na wasomaji wote ni wa Gredi ya Tatu kwenda juu?"

"Si uje usikie, Mama Jacklyne. Ukuta wetu ni mmoja."

"Nasikia," Lornah akasema. "Nasikia sana. Basi aandikwe."

Kusema kweli Lornah alikuwa na kidonda. Mwaka uliotangulia, binti yake Jacklyne alisimama mbele ya kanisa akasoma sura nzima kwa sauti tamu, mpaka feni ikapeperusha kurasa zikahama kabisa. Jacklyne hakujua. Aliendelea kusoma macho yakiwa darini. Mzee Muema wa safu ya mbele, kwa wema wake, akanyanyuka kwenda kumtafutia ukurasa, naye mtoto akamwambia kwenye kipaza sauti, "Mzee, usinisumbue, nimebakisha kidogo." Kanisa likaangua kicheko. Jacklyne hakukanyaga shule ya Jumapili kwa miezi mitatu, na hadi leo akifika hukaa nyuma ya nguzo.

Ndiyo sababu Mwalimu Isaiah wa shule ya Jumapili, aliyekuwapo kikaoni, alitoa amri mpya: hakuna mtoto kupewa somo mapema. Mistari kumi ingeandikwa kwenye vikaratasi, ikunjwe mara nne, itiwe kwenye kofia ya Mzee Muema, na kila msomaji aokote chake mbele ya watu wote.

"Ili tujue nani anasoma na nani anaimba," alisema.

Nasimiyu akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Alhamisi yake, saa kumi na moja jioni, alinyanyuka kuchukua uzi wa buluu, akapita nyuma ya kile kiti kidogo.

"Mbuzi Mzito afua soksi ndani ya boksi," alisoma Mercyline.

Macho ya Nasimiyu yakaangukia kitabu. Ukurasani palikuwa na kuku amepanda farasi, pasi mkononi. Nasimiyu akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la leso, akaivaa tena. Kuku yule yule.

"Umesoma nini hapo, mama?"

"Mbuzi Mzito."

"Na huyo aliye juu ya farasi ni mbuzi?"

Mercyline aliitazama picha. Akafikiri. "Mbuzi ameenda choo," akasema. "Kuku anamshikia nafasi."

Nasimiyu akachukua kitabu. Ukurasa wa mbuzi ulikuwa umegandana na wa jirani yake kwa uji uliomwagika asubuhi. Mtoto alikuwa amefunua kurasa mbili kama moja, akaendelea na wimbo wake kana kwamba hakuna lililotokea. Nasimiyu akaweka kidole chini ya neno "pasi".

"Hapa pameandikwaje?"

Mercyline akatazama neno. Akatazama dari, kama anayetafuta buibui. Kisha akavuta pumzi akaanza mwanzo kabisa: "Bata Bado avaa koti, apanda boti..." Ni kama kanda za zamani, huwezi kuupata wimbo wa nne bila kuanza na wa kwanza.

"Basi, basi," alisema Nasimiyu.

"Kukhu, si mimi najua kusoma?"

Mtoto alimtazama kwa macho meupe kabisa, hana hila hata chembe. Hakuwa amedanganya mtu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba huko ndiko kusoma: kushika kitabu na kusema maneno yake. Na sasa, kwa ajili ya mdomo wa bibi yake, angeambiwa kwamba hajui, tena siku ya Jumapili, mbele ya watu mia mbili na kipaza sauti.

"Unajua, mama," Nasimiyu akasema. "Nenda unawe mikono."

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Siku za wiki Mwalimu Isaiah hutengeneza simu karibu na stendi ya Kangemi, na hapo ndipo Nasimiyu alipomfuata asubuhi ya Ijumaa, akamkuta ameinama juu ya simu iliyotumbukia kwenye supu.

"Mwalimu, unitajie tu mistari miwili kati ya ile kumi."

"Kukhu, wewe si ndiye ulipiga makofi?"

"Nilikuwa naua mbu."

Isaiah akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Nikikutajia wewe, Lornah atanikaanga pamoja na chapati zake. Si unasema mtoto anasoma kama redio?"

"Redio nayo huhitaji betri," Nasimiyu akanung'unika, akaondoka.

Alipita duka la vitabu akafikiria kununua kitabu kikubwa cha kufundishia kusoma. Akakifungua. Kilikuwa na safu za ba be bi bo bu ukurasa baada ya ukurasa, kama mistari ya jela. Akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyosinzia juu ya ba be bi bo bu hadi akachapwa. Akakirudisha.

Jibu lilimjia Jumamosi asubuhi, akifumua gauni la Bi Indu. Bi Indu alikuwa ameleta gauni lake la zamani la harusi ya dada yake, akitaka jingine kama lile lile. Sasa gauni, ukitaka kujua limeshonwaje, kulitazama hakusaidii, hata ulitazame mwaka mzima. Unalifumua. Unaondoa mkono, unaondoa ukosi, unavilaza mezani kimoja kimoja, na hapo ndipo unaona kila kipande kilivyokatwa. Nasimiyu alikaa na ule mkono wa gauni mkononi kwa muda mrefu. Kisha akageuka akakitazama kile kitabu cha manjano kilicholala juu ya kiti cha plastiki.

"Mercyline, mama. Lete kitabu chako. Na unipe mkasi."

Usiulize kilio kilichofuata. Mwenye duka la dawa alitoka nje. Lornah akaacha chapati ikaungua upande mmoja.

"Kukhu anamkata Bata Bado! Anamkata Bata!"

"Simkati, namfumua. Tulia. Nimewahi kufumua nguo ya mtu nikashindwa kuirudisha?"

"Suruali ya Mzee Oyoo!"

"Suruali ile ilikuwa imeoza. Tulia."

Alikata kila ukurasa kwa mkono usiotetemeka. Kwanza picha zote akaziweka kando, nazo akazikata vipande vitatu: kichwa, kiwiliwili na miguu. Hizo akazifungia kwenye kopo la vifungo. Kisha maneno: jina la mnyama kipande kimoja, analofanya kipande cha pili, na mahali au namna kipande cha tatu. Akavishonea kila kimoja kitambaa kigumu nyuma, kile cha kutilia kwenye kola, visikunjike. Akafunga kamba kutoka msumari hadi msumari, akavitundika vipande vitatu kwa vibanio vya nguo.

"Haya. Soma."

Mercyline alifuta makamasi kwa kiganja. "Bata Bado avaa koti, apanda—"

"Bata hayupo hapo."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Mimi si nimekuachia wewe usome? Anza hapa. Hii herufi ni ya nani?"

"Ya tembo. Te... Tembo Tano." Akasogeza kidole. "A... api... apiga..." Akasita, akalitazama lile neno kwa shaka, kama mtu aliyekutana na jirani yake mji wa mbali. "Apiga pasi?"

"Ndivyo pameandikwa?"

"Lakini pasi ni ya Kuku!"

"Kuku amemwazima. Endelea."

"N... nda... ndani ya bo... ndani ya boksi." Mtoto akaganda. Machozi yalikuwa bado shavuni. "Tembo Tano apiga pasi ndani ya boksi? Kukhu! Hawezi kuingia!"

"Hata mimi nashangaa," alisema Nasimiyu. Akafungua kopo la vifungo, akatoa kichwa cha tembo, kiwiliwili cha kuku chenye pasi na miguu ya mbuzi ndani ya boksi, akavipanga mezani. Mercyline alicheka mpaka kiti kile cha mguu mmoja wa kitambaa kikamwangusha chini, akaendelea kucheka huko huko sakafuni.

Hiyo ikawa sheria: hakuna picha mpaka maneno yasomwe. Jumatatu mbuzi alipika chapati juu ya farasi. Jumanne fisi alinyoa nywele ndani ya boksi. Mtoto akaja na malalamiko yake mengine.

"Kukhu, haiimbi. Zamani ilikuwa inaimba."

"Basi mtafutie kila mmoja mwenzake. Mkono wa shati wa kushoto unaujuaje wa kulia? Inafanana huku chini, kwenye pindo. Angalia mwisho wa neno."

Mercyline akaweka pua karibu na vitambaa, akavilinganisha. Koti, boti. Soksi, boksi. Pasi, farasi. Alipogundua kwamba mkia wa "chapati" na mkia wa "kabati" ni ule ule, herufi kwa herufi, akapiga kelele kana kwamba ameokota pete. Nasimiyu akatoa chaki ya fundi akaandika mezani: basi, kasi, nanasi. Mtoto akazing'ata moja moja, polepole, akazipata zote. Nanasi alirudia mara nne kwa sababu ya utamu wake.

Upande wa pili wa ukuta Lornah hakuweza kuvumilia. "Nasimiyu! Siku hizi unashona karatasi? Nguo zimeisha Nairobi?"

"Nashona Jumapili yako, Mama Jacklyne. Utaivaa tu."

Lakini kweli nguo zilikuwa zimelala. Mzee Muema alikuwa ameleta koti lake la kahawia, la pekee la kanisani, ambalo mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka. "Vitu vinapita vinaingia kwenye bitana," alieleza. "Juzi nilitafuta funguo, nikazipata karibu na mgongo."

"Njoo Alhamisi, mzee," alisema Nasimiyu.

Alhamisi Kuku Kiko alikuwa chini ya kabati na hakuna aliyejua kwa nini. "Njoo Jumamosi, mzee."

Jumamosi Mzee Muema alifika akakuta koti limening'inia pale pale, na tundu lake ndani. Bibi na mjukuu walikuwa wameinamia meza.

"Mama Nasimiyu! Na kesho ni Jumapili!"

"Nisamehe, mzee. Jumatatu, nakuapia."

"Na kesho vitu vyangu nitaviweka wapi?"

"Viweke kofiani," alisema Nasimiyu bila kuinua macho, kwa sababu wakati huo huo Mercyline alikuwa amefika katikati ya neno "makelele" na hakutaka kumpoteza.

Jioni hiyo Nasimiyu alimpapasa mtoto paji la uso akitafuta homa. Homa kidogo tu ingetosha. Homa haina aibu. Paji lilikuwa baridi kama mtungi. Mtoto alikuwa anasoma sasa, ndiyo, lakini alisoma kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: jiwe, kusimama, jiwe, kusimama. Na watu walikuwa wameahidiwa redio.

"Kesho ukikwama," alimwambia, "usiangalie dari. Angalia neno. Neno haliondoki."

"Na likiwa gumu?"

"Lifumue."

Jumapili kanisa lilijaa hadi milangoni. Mzee Muema alifika na koti lake la mfuko uliotoboka, na kofia yake kubwa ya pama. Alipoingia tu, Mwalimu Isaiah akaichukua kofia kichwani kwake kwa heshima, akamimina vikaratasi kumi ndani, akaitikisa kama mtu anayepeta mchele.

Walisoma watoto watano, wengine vizuri, mmoja akitafuna maneno kama sambusa ya moto. Kisha likaitwa jina la Mercyline. Ilibidi wamwekee kreti ya soda asimame juu yake. Nasimiyu, safu ya nne, alikuwa amekunja leso mkononi mpaka imekuwa kama kamba. Lornah, safu ya tano, akasogea mbele. Kule nyuma ya nguzo, kichwa cha Jacklyne kilichungulia.

Mercyline akatia mkono kofiani, akaupekecha hadi chini kabisa, kwenye utepe wa ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Akaitazama.

Nasimiyu aliona macho ya mtoto yakianza kupanda kwenda darini. Akafumba yake. Alipoyafumbua, yale ya mtoto yalikuwa yamerudi kwenye karatasi.

"M... Mzee," alisoma Mercyline. "U... uki... ukitoka ka... kanisani, nu... nunua u... unga."

Kwenye Biblia unga umo. Wengi walidhani ni habari ya yule mjane aliyebakiza konzi moja ya unga. Bibi mmoja hata akasema amina.

"Na da... dawa ya me... mende."

Hapo vichwa viligeuka. Mwalimu Isaiah akanyoosha mkono, lakini mtoto alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, ulimi umetokeza kwenye pengo la meno, anavuka mto.

"Nunua so..." Uso wake ukang'aa ghafla, kama aliyeona mtu wa nyumbani kwao kati ya umati. "Soksi! Nunua soksi! Za-ko zi-na ma... ma-tu-ndu. U-na-ni-a... una-ni-a-i-bi-sha."

Mzee Muema alivuta miguu yake taratibu chini ya benchi. Kwenye kwaya ya akina mama, mkewe, Mama Kitonga, alikuwa amekaa wima kama msumari.

"Mwalimu, mzuie!" alinong'ona Mzee Muema.

"Acha amalize," akasema mchungaji, kitambaa mdomoni, mabega yakimtikisika. "Mtoto asikatizwe."

"U-si-pi-ti-e kwa Lo... Lor... Lornah." Lornah akashika kifua. "Cha... chapati!" Mercyline aliliimba hilo, akalipandisha kama alivyozoea, kisha akarudi kwenye kazi. "Chapati da-kta-ri a-li-ka-ta-za. Ni-na-ju-a u-na-ku-la tatu."

"Tatu!" alisema mtu nyuma.

"Huwa ni mbili!" Mzee Muema akajitetea, kabla hajakumbuka yuko wapi.

Kicheko kilichotokea pale kilitoka nje ya mabati, kikavuka barabara. Mercyline hakucheka. Alingoja kitulie, akakunja karatasi mara nne kama alivyoikuta, akasimama wima juu ya kreti ya soda, akamalizia kama alivyofundishwa kumalizia kila somo:

"Hilo ni neno la Bwana."

Na kanisa zima, kwa mazoea, likaitika: "Tumshukuru Mungu."

"Ni neno la Mama Kitonga!" Mama Kitonga akasimama kwaya nzima ikimvuta gauni. "Na yeye pia apate shukrani!"

Ilichukua muda watu kunyamaza. Katika vurumai ile Nasimiyu hakucheka wala hakulia. Alikaa tu, leso imemfunguka mkononi, akimtazama mtoto akishuka kwenye kreti kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Akasikia pumzi ya Lornah sikioni.

"Nasimiyu."

"Abee."

"Ulisema anasoma kama redio. Huyo si redio. Amekwama mara ishirini."

"Nimemsikia, mama."

"Sikiza basi nimalize." Lornah aliinama karibu zaidi. "Hayo hakuna mtu angemkaririsha. Hata wewe. Huyo mtoto amesoma." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Kile kitabu chako cha kukatwakatwa. Jacklyne wangu anaweza kuja jioni? Ni mkubwa, lakini..."

"Aje na kiti chake. Changu ni kibovu."

Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla ya gauni la Bi Indu na kabla ya kitu kingine chochote, Nasimiyu alishona mfuko wa Mzee Muema. Aliushona mara mbili, kwa uzi wa gunia. Mzee mwenyewe alikaa akingoja, soksi mpya miguuni, ameligeuzia mgongo jiko la Lornah kwa makusudi.

"Mimi si nilisema viwekwe kofiani," alisema Nasimiyu, "kosa ni langu."

"Mama Nasimiyu, wewe ushone. Usiseme."

Jioni vilikuwapo viti viwili mbele ya kamba ya vibanio, na Fisi Fito alikuwa akivaa koti kwa makelele. Jacklyne ndiye aliyecheka zaidi. Tatizo ni kwamba sasa Mercyline alikuwa amewashwa na hakuwa na swichi. Alisoma ubao wa duka la dawa. Alisoma maandishi ya gunia la makaa. Alisoma kilichoandikwa kwenye fulana ya mpita njia, akamfuata hatua tano ili aone kama mgongoni kuna kingine.

Lornah akaingia akijipangusa unga mikononi. Alikuwa na kitenge kipya, cha harusi ya shemeji yake. "Nipime, fundi. Na unipime vizuri, siku hizi nimepungua."

"Umepungua sana," alisema Nasimiyu, akizungusha tepe. Aliandika vipimo kwenye daftari lake, akaliweka mezani, akageuka kutafuta chaki.

Alipogeuka tena, daftari lilikuwa magotini mwa Mercyline, na kidole kilikuwa kimeshaanza safari.

"Lo-rnah," alisoma mtoto, kwa sauti ile ile ya kanisani. "Ki-u-no. O-nge-za i-nchi mbi-li."

"Mercyline, mama," alisema Nasimiyu. "Hebu lete hilo."

"Ngoja, Kukhu, nimebakisha kidogo. U-si... u-si-mwa-mbi-e."

Cherehani haikuwa ikilia. Upande wa pili wa ukuta chapati ilianza kunukia kuungua, na hakuna aliyekwenda kuigeuza.

"Usimwambie nani?" aliuliza Lornah.